Mzee Aliyeandika Ndege Asiowaona

Habari za msiba nilizipatia sokoni Lushoto, Alhamisi asubuhi, nikiwa nachagua karoti. Mama anayeniuzia mboga, mtu wa Kwai, aliacha kufunga mafungu yake, akaniangalia, akasema kwa sauti ya chini: "Baba, yule mzee wako wa ndege hatunaye tena. Amepumzika jana mchana." Nilimshukuru, nikaondoka, karoti nikaziacha palepale. Wasomaji wangu wa siku nyingi huenda wanamkumbuka, maana niliwahi kumwandika kwenye safu hii mara moja. Hiyo mara moja ndiyo inayonifanya leo nishindwe kuandika rambirambi za kawaida. Kuna jambo sikuwaambieni wakati ule, wala baadaye.

Mpaka anastaafu alikuwa mtumishi wa kitalu cha miche kule Shume. Mtu akisikia habari za watazama ndege huwazia mgeni mwenye kofia pana na kamera ndefu. Huyu wetu alivaa koti la mvua la kazini lililokwisha pauka, buti za mpira, na shingoni darubini aliyoachiwa na mtalii, kioo chake kimoja kina ufa. Kila Jumamosi alishuka kwenye bonde la majimaji kule Kwai, akakaa juu ya gogo na kuandika kwenye daftari la shule. Watu walimtania. "Mzee, hao ndege unawafuga?" Alijibu kwa upole kwamba anawahesabu tu. Kilichonishangaza ni kwamba aliandika hata ndege asiowaona. Kitaluni, alinieleza, kulikuwa na utaratibu: Jumamosi unaandika kwanza miche iliyokufa na nani alikuwa zamu, ndipo uandike iliyo hai. "Ukianza na mizima," alisema, "iliyokufa utaisahau makusudi."

Utaratibu huo alisafiri nao hadi Uholanzi, alikoalikwa na wageni aliowahi kuwaongoza katika misitu yetu. Walimpeleka kwenye kibanda cha mbao ukingoni mwa kinamasi, chenye vidirisha vyembamba, watu wamekaa kimya kama wako ibadani. Mlangoni palikuwa na daftari kubwa la kuandika ndege walioonekana siku hiyo. Wao walimfuata ndege mmoja tu, na huyo hakutokea. Wenyeji wake wakaandika mabata, wakataka kuondoka. Mzee akaomba kalamu, akaandika jina la yule waliyemfuata, na mbele yake kwa Kiswahili: "Sikumwona." Wenzake wakacheka, wakidhani ni utani. Mama mlinzi wa kibanda alipotafsiriwa hakucheka, akauliza kama Tanzania ndivyo tunavyofanya. "Sisi wa kitaluni ndivyo," mzee akamjibu. Aliporudi nilimuuliza Ulaya kukoje. Akasema baridi yake ni ya Shume mwezi wa saba, ila wenzetu maji mengine wanayaacha yakae, hawayachimbii mitaro.

Sasa nifike ninapopakwepa. Miaka kadhaa iliyopita alinipeleka kwenye bonde lake kuwaona korongo taji wawili waliojenga kiota katikati ya matete. Tulikaa pale asubuhi nzima. Mmoja alikuwa amelalia mayai, mwenzake akitembea majini taratibu, lile taji la dhahabu likitikisika kila anapoinama. Mzee alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake. Tulipoinuka alinishika mkono, akaniambia: "Mwandishi, ndege waandike. Bonde liache." Nikamjibu, "Nimekuelewa, mzee." Na nilimwelewa kweli. Lakini nilipokaa kuandika, utamu wa habari ukanizidi. Bonde sikulitaja kwa jina, nikajiona nimetimiza ahadi. Niliandika kona ya barabara, pale maziwa yanapokusanywa asubuhi, na mikaratusi mitatu. Aya ile niliipenda sana. Mtu yeyote wa Kwai angefika kiotani amefumba macho.

Wakafika. Walikuja na simu zao, wakakanyaga matete wapate picha ya karibu. Baada ya wiki mbili mayai hayakuwepo, na wale korongo hawakurudi tena. Baadaye mitaro ilichimbwa, kabichi zikateremka hadi kwenye nusu ya majimaji. Siwalaumu wakulima, ardhi yetu ni finyu na bonde lile lilionekana halina mwenyewe. Najilaumu mimi. Nami sikwenda kumwomba radhi. Kila tulipokutana mjini nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," naye akaitikia, "Marahaba. Jumamosi nilishuka. Sikuwaona." Mimi nilisikia kama nimepigwa kofi. Mwisho nikawa nikimwona stendi, nazunguka nyuma ya magari ya Mombo mpaka apite. Mtu mzima na mvi zangu, najificha.

Siku ya maziko, mchungaji alipomaliza na kwaya ikikunja vitabu, binti wa mzee aliniita ndani akanipa daftari. "Baba alisema hili upewe wewe." Nikalifungua nikiwa nimesimama. Kurasa kwa kurasa, kila Jumamosi, maneno yaleyale: korongo taji, sikuwaona. Nikarudi nyuma kuutafuta ule mwezi wa kiota, nikiwa tayari kukuta jina langu, na kwa kweli nilitaka nilikute. Nikakuta kipande cha gazeti chenye safu yangu, kimebandikwa kwa uji wa ngano. Chini yake aliandika: "Kiota kimekufa. Zamu: mimi. Nilimpeleka mtu kabla ya vifaranga kutoka." Basi. Miaka yote ile nilimkimbia mzee ambaye hakuwa akinidai maelezo. Alikuwa akinipa taarifa, kama mtu wa zamu anavyompa mwenzake. Nililia mbele ya watu, na sioni haya kusema.

Milima yetu ina taarifa nyingi. Tunaandika wageni waliofika, mbao zilizoshuka, magunia ya mboga yaliyopakiwa, na kila ukurasa unasema tunaendelea vizuri. Chemchemi iliyokauka haina ukurasa, wala ndege aliyehama, wala jina la aliyekuwa zamu. Sisi waandishi ndio wabaya zaidi, maana kalamu tunayo na nafasi tunayo, ila tunapenda kuanza na mizima.

Jumamosi iliyopita nilishuka bondeni. Gogo lake bado lipo. Mama mmoja aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe alinisalimia kwa Kishambaa, kisha akauliza, "Unasubiri nini hapo, baba?" Nikamwambia nasubiri korongo. Akatikisa kichwa. "Hao walishaondoka zamani. Mzee wa ndege hakukwambia?" Nikamwambia aliniambia, mara nyingi sana. Nilikaa mpaka jua likawa la utosi. Kabla ya kuondoka nilifungua daftari kwenye ule ukurasa wa kiota, na pembeni ya maneno "Zamu: mimi" nikaandika: "Si yeye. Zamu ilikuwa yangu." Nikaweka sahihi. Kisha nikafungua ukurasa mpya, nikaandika tarehe, na nikaanza kama alivyonifundisha: korongo taji, sikuwaona.