Taa Nyekundu za Mheshimiwa Stroud

Mara ya kwanza nilipokutana na Verlin Stroud aliniandikia faini. Yeye alikuwa mkuu wa polisi wa wilaya yetu, mimi nina mnada wa ng'ombe, na lori langu lilikuwa limezidi uzito kwenye mizani ya barabara kuu.

"Afande," nikamwambia, "hawa wamekunywa maji tu. Ngoja wakojoe."

Mwingine angecheka, au angenitukana. Verlin alizima gari lake, akakaa saa mbili kwenye baridi ile, kisha akapima tena. Bado limezidi. Akaandika.

"Umesema nisubiri," akasema. "Nimesubiri."

Nikajua nimepata mtu wa kufanya naye biashara: hadanganyi, na utani haumwingii. Sifa ya kwanza niliithamini. Ya pili sikuipa bei, na hapo ndipo nilipokosea.

Miaka sita baadaye ghala langu la nyasi lilishika moto. Marva Koehn, askari wa Verlin, alikuwa ametoka zamu dakika kumi tu kabla, anaelekea kwake. Akaingia ndani, akamtoa fundi wangu wa kuchomelea. Fundi alipona. Mapafu ya Marva hayakupona. Bima ya wilaya ikasema hakuwa zamu, haimhusu. Wakili wa Marva akanigeukia mimi, akadai fidia ambayo ingeumeza mnada wangu.

Niliona njia iliyo rahisi zaidi ni kubadili sheria, bima ilipe. Nikamwendea Verlin ofisini.

"Gombea Bunge la jimbo, Afande. Tunataka sentensi moja tu: askari anayeokoa mtu yuko zamu, hata aliyekwisha kuumia. Mimi nakuletea wafugaji, wewe unaanza na Marva kabla ya jambo lolote."

"Kwa ajili yake au kwa ajili yako?"

"Hospitali haitauliza."

Akagombea, akashinda.

Wiki ya mswada wake, Orval Tidwell, mbunge mkongwe wa chama chetu, alinikuta mgahawani nachovya mkate wa mdalasini kwenye mchuzi wa nyama na maharage. Akanikumbusha desturi yao. Mbunge mgeni akileta mswada wake wa kwanza huchezewa: anaulizwa maswali ya kipuuzi, kisha kila mtu anabonyeza "hapana" mpaka ubao wa kura uwe mwekundu wote. Akishakauka mate, wanageuza kijani, wanampigia makofi, amekuwa mwenzao.

"Basi nimwonye," nikasema. "Yule hajui utani."

"Ukimwonya ataigiza, tutamjua. Wewe nyamaza, nami nakuletea kura kumi za upande wa pili ambazo huenda zingebaki nyekundu."

Kura kumi kwa kufunga mdomo. Nikafunga.

Siku yenyewe nilikaa roshani ya wageni pamoja na Marva na mtungi wake wa oksijeni. Verlin akasoma mswada kama anayesoma hati ya mashtaka.

"Mheshimiwa," mmoja akauliza, "mbwa wa polisi naye yumo?"

"Hayumo."

"Na akiwa likizo?"

Ukumbi ukacheka. Mwingine akamwomba arudie yote polepole, alikuwa anakula. Verlin akarudia, neno kwa neno, shingo imemwiva. Kisha kengele ya kura, na taa zikawaka nyekundu kutoka juu mpaka chini.

Marva akanishika mkono. "Wameukataa?"

"Tulia. Sasa hivi wanageuza."

Verlin hakungoja. Aliutazama ubao, akamtazama Marva, akavuta kipaza sauti.

"Nauondoa mswada. Miaka ishirini nimekamata wezi. Wengi wao walikuwa na haya kuliko ninyi."

Tidwell alikuwa tayari na kidole kwenye kijani. Spika akagonga nyundo, kwa sababu kanuni ni kanuni: mswada ukiondolewa na mwenyewe haurudi mpaka Bunge lijalo, miaka miwili mbele, isipokuwa wabunge wote wakikubali. Mimi na Marva tukashuka kumkuta Verlin koridoni, na Tidwell akatufuata.

"Aombe radhi tu. Dakika moja. Tutakubali wote."

"Siwaombi radhi waliomcheka askari wangu," akasema Verlin.

"Walikuwa wanakucheka wewe, Afande," Marva akamwambia, akihema kila maneno mawili. "Omba. Anayepumua kwa mtungi ni mimi."

Verlin akavaa kofia yake, akashuka ngazi.

Marva hakuwa na miaka miwili ya kungoja. Alikubali nusu ya alichodai wakili wake, nami nikatia saini siku hiyohiyo kabla hajabadili mawazo. Tulimzika msimu wa baridi wa pili. Mnada wangu ungali wangu. Habari ya Tidwell na kura zake kumi sikumwambia Marva, na Verlin naye sijamwambia.

Yeye alimaliza muhula mmoja bila mtu wa kukaa naye meza moja, na wafugaji wangu hawakumrudisha. Sasa anasimamia mizani ileile ya barabara kuu. Mwezi uliopita lori langu lilizidi tena.

"Hawa nao wamekunywa maji?" akauliza.

Nilimtazama usoni nione kama anatania. Sikuweza kujua. Nikatoa leseni, akaandika.