Siga Nyeusi Uani kwa Agogo

Mwenye nyumba wetu tulimwita Agogo, kama Wamalawi wanavyomwita bibi yeyote. Alikuwa mjane mrefu, mwenye vidole vilivyoingia rangi ya kahawia isiyotoka kwa sabuni, kwa sababu ujana wake wote aliumaliza Lilongwe akichambua majani ya tumbaku kiwandani. Mimi na mume wangu tulipanga kwake, mtaa wa Area 36 mjini humo. Chumba cha nyuma tulilala. Cha mbele, kinachotazama barabara, nilikifanya duka la kushona. Kabla ya hapo tulikaa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka miaka mingi, tangu tulipokimbia Fizi, kwetu Kongo. Mjini tulipata wateja, tukajisahau kidogo.

Wiki ile wateja walianza kunishangaza. Mama mmoja alikuja kuchukua kitenge chake kabla sijakikata, akasema shughuli imeahirishwa. Mwingine akaja na neno lilelile, bila kunitazama machoni. Mwanamume nisiyemjua alisimama mlangoni, akaangalia rafu badala ya nguo, akauliza kama ni za mbao ya kweli. Redioni walirudia kwamba wakimbizi warudi kambini. Maneno hayo tulishayasikia mara nyingi, yakaja yakapita, na mume wangu alisema haya nayo yatapita.

Jumapili, baada ya ibada, Agogo aliniita uani. Alikuwa ameweka viti viwili karibu na uzio, mahali ambapo kila mpita njia angetuona. Nilishangaa, maana kawaida hukaa nyuma, kwenye kivuli cha jiko. Kwenye meza ndogo palikuwa na birika la chai na kopo la bati. Akafungua kopo, akatoa siga, ile sigara nene iliyosokotwa kwa majani matupu, isiyo na karatasi. Ilikuwa nyeusi kama kahawa iliyokaangwa ikapitiliza. Alisema siku alipostaafu mnunuzi wa kigeni alimpa mbili. Ya kwanza aliivuta siku mumewe alipofariki.

"Hii tutaivuta pamoja," akasema.

Nikamwambia mimi ni mwanakwaya. Akanijibu kwamba Mungu ameshaona tumbaku nyingi. Nami, kusema kweli, harufu ile ilinivuta. Bibi yangu kule Fizi alivuta kiko kila jioni, na mimi ndiye niliyekuwa nikimletea kaa la moto.

Alinipa niishike kwanza. Jani la nje lilikuwa laini, lina mafuta kidogo, mishipa yake myembamba. Akaniambia niibonyeze taratibu kutoka kichwani hadi mwisho, nitafute palipolegea. Hapakuwepo. Hata kabla ya moto ilinukia ngozi ya kiatu kipya, na chini ya hiyo ngozi kulikuwa na utamu kama wa ndizi iliyokaushwa juani. Nikaleta mkasi wangu mdogo wa kukatia nyuzi, akakata ncha nyembamba kama ukucha. Alipowasha hakuacha moto uguse jani. Aliizungusha juu ya kiberiti hadi mwisho wote ukawa mwekundu sawasawa. Akanifundisha kutomeza moshi. Ukae mdomoni, uonjwe, uachiwe.

Mvuto wa kwanza ulikuwa pilipili tupu, machozi yakanitoka. Tukawa tunapokezana. Pilipili ikatulia, ikaja kahawa chungu, kisha ladha ya udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Moshi ulikuwa mzito, ukijaza mdomo kama chakula. Majivu yalishikamana, hayakudondoka. Agogo aliyatazama, akasema jani lile lilikaushwa na mtu mwenye subira, ila ubavu mmoja ulikuwa unaungua upesi kuliko mwingine. Hapo msokotaji aliharakisha. Mimi nilisema ninachokipenda zaidi ni utamu unaobaki midomoni moshi ukishatoka. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Wanaume wawili walipita nje ya uzio. Wakasimama, wakatazama wanawake wawili na siga moja, wakacheka. Agogo akawapungia mkono, akacheka nao, akawauliza habari za nyumbani kwa Kichewa. Walipokwenda, kicheko kilimkatika usoni. Mmoja wao alikuwa yule aliyeulizia rafu.

Akavuta tena, akaachia moshi, akaongea bila kunigeukia.

"Endelea kuvuta, mwanangu. Wakiangalia nyuma, cheka kidogo."

Nikamuuliza kuna nini.

"Jana hao na wenzao walikutana hapa uani kwangu. Mmoja alikaa kwenye kiti hicho ulichokalia. Kesho magari ya serikali yakianza kuwachukua wageni, wao watavunja maduka. Lako walilitaja."

Nilitaka kusimama. Akaniwekea mkono gotini, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba tangu jana wanamchunga. Angekuja mlangoni kwangu, au angenifungia ndani tuzungumze, wangejua. Lakini nani atamshuku kikongwe anayepoteza Jumapili yake kwa moshi, hadharani? Kwa hiyo lazima tuimalize kama watu wasio na haraka.

Nikakaa. Sehemu ile ya siga ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote, na hadi leo nashangaa kwamba ulimi wangu haukuacha kuonja. Kulikuwa na kakao isiyo na sukari, na kitu kama kuni za msituni. Mikono ilikuwa baridi, mdomo umejaa joto. Watu walipita, wakatusalimu, tukaitikia. Kila aliyepita nilijiuliza kama naye alikuwepo jana. Mwishowe moshi ukawa mchungu, kichwa kikazunguka. Agogo akaiweka siga juu ya tofali. Hakuikandamiza, alisema siga huachwa ife yenyewe.

"Sasa nenda," akasema. "Mtoke kama watu wanaompelekea mteja mzigo."

Mume wangu alinusa hewa nilipoingia.

"Mama, we unanuka tumbaku."

"Funga mashini," nikamwambia. "Zote. Leo."

"Nani alikuambia?"

"Agogo."

Alinitazama, kisha akachukua blanketi kitandani akaanza kufunga.

Mwenzetu wa kanisani, Mrundi mwenye pikapu ya kusafirisha sabuni, tulimpigia simu akaja jua likiwa bado juu. Tulipakia mashini na vitambaa vya watu. Kitanda na rafu tukaviacha. Agogo hakutoka kutuaga. Alikuwa jikoni, ametugeuzia mgongo, anasugua sufuria. Kwenye barabara kuu ya M1, kabla ya kuchepuka kwenda Dzaleka, tulipishana na malori matupu yakielekea mjini, yamefuatana, taa zimewashwa mchana.

Walivunja Jumatatu. Agogo alinisimulia kwa simu, sauti yake ikiwa ndogo. Walipokuta rafu tupu walimwendea, wakamuuliza mashini ziko wapi. Akawaambia amenifukuza mwenyewe, kwa kuwa nilimzoea mno, nikafika hadi kumvutia siga yake. Walishatuona, wakaamini. Wakabeba rafu, wakaenda kwa jirani yetu wa pili, Mkongomani muuza mchele, ambaye hakuwa na mtu wa kumwonya. Alitoka na nguo alizovaa. Sasa anakaa nasi mtaa mmoja hapa kambini, na mlango ukigongwa hashtuki tu, hutoka kabisa kupitia dirishani.

Mimi nashona barazani, chini ya turubai. Agogo hupiga simu mara mojamoja. Mtaani kwake, anasema, wanamsifu kwa kumfukuza mgeni, na sifa hizo humkosesha usingizi. Mara ya mwisho nilimuuliza nani amepanga vyumba vyetu. Akasema ni yule mwanamume wa rafu, ana heshima, humchotea maji na kumwita mama. Agogo mwenyewe amehamishia kitanda chake chumba cha ndani, na siku hizi hufunga mlango jua likiwa bado halijazama.