Punje Tatu za Namba 417

Kwa mkono wangu huu huu nilimtupa mtu kwenye ndoo ya takataka, huku napiga mluzi.

Msinikimbie. Kaeni niwasimulie, mtanitukana nikimaliza.

Kazi yangu ni kukata nyama, ila si buchani. Niko maabara ya hospitali kubwa, chumba cha nyuma, mwaka wa kumi na tisa huu. Mgonjwa akinyofolewa kinyama tumboni, kinaletwa kwangu. Nakigandisha kwenye nta, nakikata vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, navilaza kwenye vioo na kuvitia rangi. Daktari wetu anavitazama kwa hadubini na kusema ni ugonjwa gani.

Majina sisi hatuyaoni. Tunaona namba tu.

Na mimi, bwana, nilikuwa na sifa zangu. Kioo changu hakina mkunjo wala mkwaruzo. Wanafunzi wa udaktari walifundishiwa vioo vyangu. Wenzangu waliniita Fundi Kioo, na kichwa kikavimba kweli kweli.

Siku hiyo asubuhi ikaja namba 417. Punje tatu, kama chenga za mchele, zilizonyofolewa kwa ule mpira wenye kamera unaoshushwa kooni.

Kwa punje ndogo namna hiyo tuna sheria moja: hakitupwi kitu. Kipande kikikunjika, kikichanika, kilaze kwenye kioo na ukitunze. Sheria hiyo naijua. Nimewafundisha wengine mwenyewe.

Kipande cha kwanza kikatoka na mkunjo. Kilisomeka vizuri tu. Nikakitupa.

Cha pili kikatoka na mkwaruzo. Ndooni.

Nikaendelea hivyo na mluzi wangu, mpaka nikapata kimoja kilichonyooka. Nikakitia rangi, nikampelekea daktari, nikasimama pale nikisubiri kusifiwa.

Akakitazama muda mrefu.

"Fundi, hii siyo ile kansa ya tumbo tuliyoizoea," akasema. "Seli zake ndefu, zimelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Uvimbe huu hatuuoni mara nyingi."

"Ni mbaya?"

"Ndiyo sijui. Ziko aina mbili, na kwa rangi ya kawaida zinafanana. Moja ina vidonge vyake, mtu anameza na anaishi miaka. Kwa nyingine vidonge hivyo havifui dafu. Rangi maalumu ndizo zitakazotuambia. Nikatie vipande sita vingine."

Nikarudi mashineni. Nta ilikuwa nyeupe tupu, nyama yote imekwisha.

Nikakimbilia ndoo. Mfagizi alishaimwaga.

"Daktari, nyama imeisha."

"Imeishaje?"

Hapo ndipo ningesema. Kosa likiwa letu, mgonjwa huitwa kesho yake, ndio utaratibu wetu. Lakini Fundi Kioo akosee, watu watanionaje?

Nikasema, "Ilikuja kidogo mno."

Akaandika: kipimo hakikutosha, aina ya uvimbe haijulikani, anyofolewe tena. Karatasi ikaenda kupanga foleni na nyingine.

Mimi nikaenda kula. Nilikula nikashiba, siwafichi.

Wiki ya tano nikapigiwa simu. Dada yangu mkubwa, aliyenibeba mgongoni mama akiwa kazini, amefariki huko mjini kwao. Ametapika damu. Mimi nilijua ana vidonda vya tumbo, ndivyo alivyoniambia.

Baada ya mazishi shemeji akanivuta chumbani kwao, akanipa bahasha.

"Shemeji, wewe unazielewa hizi. Nisomee, mke wangu alikufa na nini?"

Nikafungua. Namba 417.

Nikakaa kwenye kitanda cha dada.

"Mbona hamkuniambia?"

"Alikataza. Hospitali ya hapa walitaka kupeleka kipimo kwingine, akagoma. Akasema kipelekwe kwa mdogo wake, yule hakosei. Ila usijue ni chake, mkono wako usije ukatetemeka."

Haukutetemeka, jamani.

"Alipangiwa kunyofolewa tena Jumatatu," shemeji akaendelea. "Akafariki Ijumaa. Hapa wanasema kipimo hakikutosha. Kwa hiyo yule daktari wa hapa, aliyemshushia mpira, alinyofoa kidogo?"

Nikamtazama usoni, nikajibu, "Ndiyo shemeji. Alinyofoa kidogo."

Huu ni mwezi wa nane tangu tumzike. Shemeji na yule daktari wanakaa mtaa mmoja, na hawasalimiani. Nasikia alimtukana mbele za watu, daktari wa watu akainamisha kichwa tu.

Dada alikuwa na ile aina yenye vidonge au ile nyingine? Sijui, na hakuna atakayejua.

Wewe unayesoma, kazi yako ikishamfaa anayeihitaji, iache hapo hapo. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Mimi nimeshindwa kusema mara mbili, ndiyo maana naandika.

Shemeji, najua huwa unapita kwenye ukurasa huu kusoma. Yule daktari alinyofoa punje tatu, na zilitosha.

Nenda kamsalimie.