Magoti ya Mama Mkwe

Mwanangu wa kwanza alizaliwa na moyo mbovu. Daktari wa Tanga alimsikiliza kifua, akaniita pembeni, akaniambia kwa upole kwamba hakuna dawa ya kumpa, nimlee tu vizuri. Kana kwamba nilikuwa na mpango mwingine. Mtoto alikuwa na miaka miwili. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau, na akitembea hatua chache alichutama, akahema, kisha akainuka kuendelea na safari yake ya kuwafuata kuku.

Mama mkwe wangu hakulikubali neno la daktari. Alikuwa ameteremka kutoka milima ya Usambara kuja kunisaidia kulea, tukakaa naye Chumbageni katika chumba kimoja, kwa kuwa mume wangu alifanya kazi kwenye shamba la mkonge na kurudi mwisho wa juma tu. Asubuhi moja, nikipepeta mchele, akanitangazia kwamba ameweka nadhiri. Atavuka bahari mpaka Unguja, aingie kanisa kubwa la mawe la Wakatoliki, ambebe mjukuu wake mgongoni na kwenda kwa magoti kutoka mlangoni mpaka altareni, ili mtoto apone. Kanisa hilo alisimuliwa na padri aliyemfundisha katekisimu usichanani. Kuliona, hajaliona.

"Mbona hukuniuliza kwanza, mama?"

"Nikuulize nini, mwanangu? Nadhiri haiombewi ruhusa."

Ningeweza kukataa. Lakini nikikataa, nimpe nini mtoto badala yake? Sikuwa na kitu. Tukapanda meli. Aliyetapika njia nzima ni mama mkwe. Mtoto alitulia mapajani mwangu akitazama maji kama bwana mkubwa aliyejilipia nauli.

Tuliposhuka Unguja tulimwamkia mzee mmoja muuza kahawa, tukamuuliza liko wapi kanisa kubwa la mawe. "La Mkunazini hilo," akasema, akaacha birika lake na kutusindikiza mpaka mahali ambapo tusingepotea. Hakukosea yule mzee. Tuliuliza kanisa kubwa la mawe, na kanisa kubwa la mawe ndilo alilotuelekeza.

Ndani kulikuwa na baridi na harufu ya ubani. Sanamu ya Bikira Maria ipo, msalaba upo, mishumaa inawaka. Mama mkwe alifanya ishara ya msalaba, akajifunga mtoto mgongoni kwa kanga, akapiga magoti. Nilimfuata nyuma nimeshika viatu vyake. Mtoto alidhani ni mchezo, akawa anampigapiga bibi yake begani ili aongeze mwendo. Kule mbele bibi aliwasha mshumaa tuliotoka nao Tanga, akalia kwa sauti ya chini. Nami nikajikuta nalia, huku najikasirikia, maana njia nzima nilikuwa nikimcheka moyoni.

Nje, mwanamke mmoja aliyekuwa anafagia ngazi alituuliza tulikotoka, tukamwambia Tanga. "Poleni na safari, bibi. Huko Tanga mnasali misheni gani?"

"Sisi ni Wakatoliki," akajibu mama mkwe.

Yule mwanamke akaacha kufagia. "Basi kanisa lenu si hili, bibi yangu. Hili ni la Waanglikana. Lenu ni lile la minara miwili, upande wa pili wa mji."

Mama mkwe alikaa chini palepale. Nikamwambia Mungu ni yuleyule, Mama Maria tumemwona kwa macho yetu, na mshumaa umewaka. Alisema hana ubaya na Waanglikana hata kidogo, ila yeye alitaja la Wakatoliki, na Aliyeyasikia maneno yake hakusahau.

Tukaenda la minara miwili. Kuta zake za ndani zilijaa picha za watakatifu, na sakafu ilionekana ndefu kuliko ile ya kwanza. Mama mkwe alipopandisha kanga yake niliyaona magoti: yamechubuka, yamevimba, damu imeganda.

"Nipe mimi, mama. Ni mwanangu."

"Kinywa kilikuwa changu."

Alifika katikati ya kanisa akakwama. Alijaribu kuegemea mkono mmoja, kisha yote miwili, asisogee. Mgongoni mtoto alianza kuhema vibaya kwa kubanwa, nikamfungua. Akatembea hatua zake chache kuelekea mbele, akachutama. Bibi akajikokota, akakaa kando yake. Wote wawili wanatafuta pumzi, na mimi nimesimama na viatu mkononi, sijui nimshike nani.

Padri mzee wa Kizungu akatokea, akayatazama yale magoti. "Mama, inatosha. Mungu ameona."

Mama mkwe hakuwahi kumbishia padri maishani mwake. "Ndiyo, Padri," akasema, nikamwinua tukatoka.

Mtoto alifariki kabla ya mvua za vuli. Nilingoja mama mkwe amlaumu padri, au anilaumu mimi niliyemfungua mtoto mgongoni. Nilitaka anilaumu, kwani ningepata wa kugombana naye. Hakumlaumu mtu. Siku moja nilikuwa uani nafua nguo za marehemu, ambazo nilikuwa nimeshazifua na hazikuwa na uchafu wowote, akaja akasimama karibu yangu.

"Mwanangu, nataka kurudi Unguja. Nikaimalizie ile nadhiri."

"Ya nini sasa, mama? Mtoto hayupo."

"Najua hayupo. Lakini siwezi kuiacha pale katikati."

Nilikamua kishati kilichokuwa mkononi, nikakianika, nikaenda bandarini kuuliza meli inaondoka lini.