Mbonyeo wa Goti la Mumin

Niseme mapema kwamba Nalianya si mtu wa kusifiwa ovyo. Ni mbishi, hunywa chai ya thamosi yangu na kikombe kikarudi na vidole vya grisi, na gari likiingia uwanjani kwetu hapa mtaa wa Lucky Summer, Nairobi, hulisalimu kabla ya kumsalimu mwenyewe. Kazi yake ni kunyoosha bodi za magari. Mimi Warigia nauza milango, boneti na bampa za mtumba, ukuta kwa ukuta na yeye, kwa hivyo kila mara tunagombania mteja mmoja: yeye anataka kurekebisha, mimi nataka kubadilisha.

Tena hawezi kupita karibu na bati lililobonyea akalinyamazia. Jumapili moja alitoka katikati ya ibada, na suti yake mwilini, akaenda kulibembeleza gari la mchungaji kwa kiganja mpaka bati likarudi mahali pake. Hakuna aliyemwita. Kwake mbonyeo ni kama chawa kwenye kichwa cha mtoto wa jirani. Si wako, lakini mkono unakwenda wenyewe.

Basi Batulo alipotuletea gari lake, Probox ya kubebea mizigo, sote wawili tukakodolea macho mlango mmoja. Batulo anauza vitambaa kwa jumla Eastleigh, ni mjane tangu mwaka jana, na si mtu wa maneno mengi. Mlango wa nyuma wa kushoto ulikuwa umeliwa na kutu sehemu yote ya chini, bati limebaki kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Juu kidogo ya kutu hiyo kulikuwa na mbonyeo wa mviringo, laini, upana wa kisahani.

"Mama, usisumbuke," nikawahi. "Niko na mlango kama huu, hata rangi ni hiyo hiyo. Unafungiwa leo, unaenda."

"Wachana na huyu," Nalianya akadakia. "Mi nakata hiyo kutu, na hapo penye imebonyea nanyoosha bure."

Batulo akaufunika mbonyeo ule kwa mkono.

"Hapa hapaguswi," akasema. "Marehemu mume wangu, Mumin, alikuwa akitoa vitambaa mpaka mikono inajaa, halafu anafunga mlango na goti. Kila siku, miaka yote. Nilimgombeza, wallahi. Nilimwambia unaharibu gari. Sasa nataka kutu itoke, goti libaki. Mafundi wengine wamenicheka."

Mimi nikaacha kuutaja mlango wangu. Nalianya naye akakuna kidevu, na nilijua kinachomsumbua. Mashine yake ya kuchomelea ni ile MIG isiyotumia gesi. Alijinyima mengi kuipata, kwa sababu sisi tunafanyia kazi nje, na gesi ya mashine zile nyingine hupeperushwa na upepo kabla haijasaidia kitu. Hii yake hutoa waya wenye unga ndani, na unga huo ukiungua moshi wake ndio unaoulinda mshono. Upepo hauiwezi. Lakini moto wake ni mkali, na bati la gari ni jembamba. Ukizubaa umetoboa. Ukichomelea mfululizo, bati linafura na kujikunja. Na kutu ilikuwa imefika kidole kimoja tu chini ya goti la Mumin.

"Nitajaribu," akasema hatimaye. "Lakini mama, kaa hapa uone. Ikiharibika, usiambiwe na mtu mwingine."

Akaikata kutu yote. Akachonga kiraka kutoka kwa boneti niliyomuuzia, akakibana, na nyuma yake akaweka kipande cha shaba kinywe joto. Alituonya tusitazame moto, kwa hivyo tukawa tunaitazama mikono yake kila alipopumzika. Tone moja la moto, kisha kimya. Akaenda mwisho wa pili wa kiraka, tone jingine. Akarudi katikati. Hakupiga mstari hata mmoja, ni nukta kwa nukta, na kati ya nukta na nukta anagusisha mgongo wa mkono kwenye bati kusikia joto lake. Mtu huyu ambaye hawezi kungoja hata chai ipoe! Mteja aliniita dukani, nikamwambia aje kesho.

Nukta za mwisho zilikuwa chini kabisa ya mbonyeo. Akachoma moja, na mlango ukalia pwaa! Mbonyeo ukatoka nje. Mlango ukawa bapa, safi, kazi ambayo Nalianya ameihangaikia maisha yake yote ikajifanya yenyewe siku pekee ambayo hakuitaka.

Batulo akasimama. Hakulia, aliuma ncha ya mtandio wake. Mimi nikamgeukia Nalianya.

"Sukuma!" nikafoka. "Si uko na nyundo? Si uko na goti? Rudisha!"

"Nikisukuma mimi, utakuwa mbonyeo wangu," akajibu bila kunitazama. "Bati limefura na joto tu. Halijasahau."

Akalowesha kitambaa, akakikamua, akaanza kulipapasa bati kutoka mbali, akizunguka taratibu kuja ndani. Hakubonyeza hata kidogo. Mafundi wa upande wa pili wa uwanja wakazima grenda yao wakaja kutazama. Nasema kweli, niliogopa. Niliogopa kama mtu aliyeingia mahali patakatifu na viatu.

Bati likalia tok, likaingia. Lenyewe. Pale pale, mviringo ule ule. Nikajishika mdomo. Nimeuza bodi za magari nusu ya maisha yangu, na sikuwa najua kwamba bati linaweza kufanya hivyo.

Nalianya akangoja lipoe kabisa ndipo akamalizia nukta zilizobaki, akasugua mshono kwa brashi ya waya. Alipofika kwenye mbonyeo niliuona mkono wake ukienda. Akaurudisha, akaufuta kwenye suruali.

Batulo akausogelea mlango ukiwa wazi. Akainua buibui kidogo, akausukuma kwa goti lake. Ukafunga. Lakini Mumin alikuwa mtu mrefu, na goti la mkewe halikufika. Lilitua chini ya mbonyeo, kwenye kiraka kipya ambacho hakijapakwa hata rangi.

Akabaki amekitazama.

"Hapo pia nimechomelea sawa, mama," Nalianya akasema. "Patakubali goti."

Batulo akaufungua mlango, akaufunga tena kwa goti, safari hii kwa nguvu.