Samansi na Kuku wa Mama wa Mkata

Jumatatu, mahakamani Handeni, mama mmoja wa Mkata alifika dirishani kwa karani amekumbatia blanketi, sabuni na mswaki. Akatoa samansi kwa mikono miwili.

"Nimekuja, mwanangu. Nifungeni tu, ila kosa langu silijui."

Karani akaisoma mara mbili. "Mama, hushtakiwi. Umeitwa shahidi, kesi ya baiskeli ya jirani yako. Utasema ulichokiona, urudi nyumbani."

Mama akakaa chini palepale, akacheka mpaka machozi. Foleni nzima tukacheka naye. Ghafla akashika mdomo.

"Na kuku wangu wote nimeshawagawa!"

Msomaji, samansi ikikufikia, tafuta kwanza palipoandikwa unaitwa kama nani. Mama yule alimaliza ushahidi kabla ya saa sita. Kesi ya kuku ndiyo kwanza inaanza.