Sukari Iliyopanda Mchana

Mwanangu anayefanya kazi Lindi ndiye aliyeninunulia kile kidude cha sukari. Ni kidogo kama kifungo cha koti, kinabandikwa nyuma ya mkono. Mkwe wangu ninayeishi naye akisogeza simu, inasoma sukari yangu bila kunitoboa kidole, na mumewe kule Lindi anaiona palepale.

Mwanzoni ilikwenda vizuri. Tulipoanza kuokota korosho, sukari ikawa inapanda kila mchana. Mwanangu akampigia mkewe, naye akaiweka simu kwenye spika.

"Unampa mama nini?"

"Ugali kidogo na mboga, kama tulivyoambiwa."

"Na chai?"

"Haina sukari. Njoo uionje."

"Mashine haina ugomvi na mtu. Kama umechoka kumwuguza, sema."

Mwanangu si mtu mbaya. Baba yake alikatwa mguu kwa ugonjwa huuhuu, kwa hiyo ana hofu. Lakini maneno yale niliyasikia, nami nikasema tu, "Sijala kitu kitamu, baba." Niliamini hivyo, au nadhani niliamini. Nikiandika sasa sina hakika. Mkwe alikata simu, akaenda kulala bila kula.

Kesho yake tulikuwa shambani, jua kali. Nanyofoa korosho, nafyonza bibo, tunda lake lenye maji matamu, natema makapi, kama nilivyofanya tangu utoto. Kwetu hilo hatuliiti kula, ni kukata kiu tu. Mkwe akanisogezea simu mkononi, akaitazama, kisha akanitazama mdomo.

"Mama, hilo la ngapi?"

Maji ya bibo yalikuwa yananichuruzika kidevuni.

"Mimi naambiwa nakuua, kumbe unajinywesha sukari mwenyewe!" Akacheka, kisha kicheko kikamkatika.

Angenipigia kelele ingekuwa haki yake. Nilimwomba simu palepale, nikapiga Lindi. Mwanangu akaniamkia, nikaitikia, nikamweleza kwamba mkewe hana kosa, ni mimi na mabibo yangu, na kwamba jana sikumtetea aliposemwa.

Akasema, "Mpe simu nimwombe radhi."

Nikamnyooshea mkwe. Alikuwa ameinama, anatia kwenye ndoo korosho nilizonyofoa mimi.

"Mwambie nina kazi."

Nikamfikishia mwanangu hivyohivyo, sikupunguza neno. Kisha nikahamia upande wa pili wa mkorosho nikaendelea kuokota, maana kumtazama usoni nilishindwa.